Samaki Saba na Mtungi wa Ubani

Kwa miaka minne mama mkwe wangu hakuniruhusu kushika mbegu. Kuchimba nilichimba. Kila mvua za kwanza ziliposhuka pale Miyuji, mimi ndiye niliyetangulia na jembe, shimo baada ya shimo, na yeye akinifuata nyuma na kibuyu cha uwele, anadondosha mbegu na kufukia kwa kisigino. Mwaka mmoja mgongo ulipomsumbua alimwita binti wa jirani aje kudondosha, na mimi, mke wa nyumba, niliendelea kuchimba. Majirani wote walijua sababu. Nilikuwa na kisirani.

Jina hilo lilikuwa na historia yake. Mwaka nilioolewa nilipanda mimi, na robo nzima ya shamba haikuota. Baadaye nikakabidhiwa kuku na vifaranga wake kumi na mmoja, wakafa wote ndani ya wiki moja. Vifaranga wa jirani nao walikufa kwa kideri kile kile, ila wao hawakuwa na mtu wa kusingiziwa. Kisha mbuzi mmoja akatupa mimba siku niliyomkamua, na kesi ikafungwa.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi leo nikiwa nimeshapoa. Wakati ule nisingesema. Alishuka kutoka milima ya Kondoa akiwa mjane, na watoto wawili na kibuyu cha mbegu, na mtu aliyewahi kuchimba mizizi ya porini ili watoto wake wapate kula hachezi na mbegu. Hakunitukana hata siku moja. Alisema tu kwa upole, mbele za watu, "Mikono ya watu haifanani." Mimi nina hasira za karibu, na upole ule uliniuma kuliko tusi.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani kwa duka la Mhindi mmoja mjini Dodoma. Mwingereza alikuwa bado anatawala. Mashine kubwa za mradi wake wa karanga kule Kongwa zilikuwa zimeanza kushika kutu, na vitu vya kule vilikuwa vikiuzwa mjini kimoja kimoja: vitanda, mabati, madirisha. Mama mwenye duka, mke wa yule Mhindi, alinunua vioo vya dirisha, akampa fundi wa bati amtengenezee sanduku lenye kingo za bati, maungio yake yamezibwa kwa lami. Ndani yake aliweka samaki saba wekundu, kila mmoja kama dole gumba, waliokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam ndani ya chupa ya peremende.

Siku ya kwanza kuwaona niliuliza kwa heshima zote watapikwa lini. Mama mwenye duka alikuwa Baniani, watu wasioonja nyama wala samaki wala yai, na swali langu lilimfanya aweke viganja viwili juu ya kioo kama mtu anayeziba masikio ya watoto. Halafu akacheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana vizuri.

Kilichotuunganisha hasa ni maji. Maji ya bomba ya mjini yalikuwa na chumvichumvi. Sabuni haikutoa povu na chai haikuwa chai. Samaki wake walikuwa wakiyavumilia tu. Tangi la maji ya mvua pale dukani likikauka, kiangazi kizima kilikuwa kigumu kwao. Sisi Miyuji tulichota kwenye mchanga wa korongo. Unafukua mchanga mpaka maji yachomoze, unangoja yatulie, ndipo unachota kwa kata taratibu. Yalikuwa maji matamu. Mume wangu akaanza kumpelekea debe moja kila Jumamosi, limefungwa nyuma ya baiskeli.

Maji yale niliyachota mimi, kwa mikono hii hii. Samaki wale walikaa miezi ndani ya maji ya mkono wenye kisirani, wakanenepa. Jambo hilo niliwaza peke yangu, na sikumwambia mtu.

Mwezi wa nane binti yake mama mwenye duka alikuwa karibu kujifungua Dar es Salaam, na mama ilibidi aende, akae mpaka mtoto apate nguvu. Mumewe alikuwa mtu mwema, lakini kila alipopita karibu na sanduku aliwatupia samaki dengu, na samaki hajui kukataa. Basi akaniita mimi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukachuchumaa mbele ya kioo asubuhi nzima. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, changu kilikuwa na Kirangi cha Kondoa ndani yake, tukaelewana bila shida. Alinionyesha kwamba maji hayabadilishwi yote kwa mara moja. Unatoa theluthi, unarudisha maji yaliyolala nyumbani usiku mmoja ili yalingane joto na wenzake. Chakula ni kidogo sana, kile wanachokimaliza upesi, kinachobaki kinaozea chini na kuwaua. Jua la mchana lisiwapige. Kisha akanitazama usoni.

"Hii hapana sauti," akasema. "Mbuzi nalia, mtoto nalia. Hii hapana. Basi wewe angalia yeye kila siku. Macho yako iwe sikio."

Nilikubali, na niliogopa. Nilijua kabisa ninachojiingiza. Samaki wale wakifia mikononi mwangu, sitashika mbegu mpaka naingia kaburini. Wakiishi, hakuna atakayeweza kunitamkia tena lile neno.

Tuliwahamisha siku ya Ijumaa. Mume wangu alifunga sanduku tupu kwenye baiskeli kwa godoro na kamba, akawa anaisukuma kama anampeleka mgonjwa. Mimi nilibeba debe kichwani, samaki ndani ya maji yao ya zamani, na juu yake nimeweka tawi lenye majani maji yasiruke, kama tunavyofanya siku zote. Watu tuliokutana nao njiani waliuliza nimebeba nini. Niliposema samaki hai wa kufuga, mzee mmoja alinipa pole.

Nyumbani mama mkwe alikuwa ametuandalia mapokezi, na hili sikulitegemea. Samaki walikuwa wageni, wamepanda treni, wametoka kwa mtu wa heshima. Kwao Kondoa, na kwetu pia, mgeni hapewi maji ya mtungi hivi hivi tu. Mtungi unaoshwa, unakaushwa, unapinduliwa juu ya chetezo chenye makaa na ubani mpaka ukuta wa ndani unywe moshi wote, ndipo unatiwa maji. Maji hayo yana harufu ya sikukuu. Mama mkwe alikuwa ameufukiza mtungi mkubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo, akaujaza maji ya korongoni. Aliyamimina mwenyewe ndani ya sanduku, kata baada ya kata, juu ya nusu debe la maji ya zamani, na alisema bismillahi. Nami niliona vizuri. Nilifurahi hata, nikadhani ananisaidia.

Asubuhi baada ya sala ya alfajiri nilikuta watatu wanaelea tumbo juu. Wanne waliobaki walikuwa wamepanda juu kabisa, midomo nje ya maji, wanahema.

Mama mkwe alikuja nyuma yangu, akatazama. "Mikono ya watu haifanani," akasema, akaondoka. Kabla ya chai majirani walikuwa wameshaanza kupita mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake, huyu anaazima ungo, huyu anatafuta kuku wake ndani ya nyumba yangu.

Nililia, lakini nikakumbuka nilichoambiwa kuhusu macho. Nikainamisha uso mpaka pua ikakaribia maji. Yalinukia ubani. Juu yake palikuwa na utando mwembamba wa mafuta, unang'aa kama juu ya mchuzi. Ndipo nikaelewa. Samaki hanywi maji tu akaondoka zake kama mgeni. Anaishi ndani yake, na tulikuwa tumemlaza usiku kucha ndani ya moshi.

Lile nusu debe lingine la maji ya zamani lilikuwa bado liko pembeni. Niliwahamishia humo wale wanne, nikamwaga maji ya sanduku yote, nikalisugua kwa mchanga na maji matupu, nikalisuuza mara nne. Sufuria mbili za maji ya korongoni zilikuwa zimelala jikoni tangu jana. Nikachanganya nayo, nikawarudisha. Ilipofika adhuhuri walikuwa wameshuka chini, hawahemi tena juu ya maji. Jioni mmoja akala.

Nilitoka kumtafuta mama mkwe. Maneno nilikuwa nimeshayapanga, na yalikuwa makali: kwamba waliouawa waliuawa na moshi wake, kwamba safari hii kisirani kina mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya jiko. Alikuwa ameukumbatia ule mtungi mapajani, kichwa karibu kiingie ndani, ananusa. Akausugua kwa mchanga, akausuuza, akanusa tena. Alisikia hatua zangu. Mkono ukasimama, lakini hakugeuka.

Nikarudi nilikotoka. Nikisema nilinyamaza kwa wema nitakuwa nasema uongo. Nilinyamaza kwa kiburi. Nilitaka ajue kwamba najua, akae nalo, akilala aamke nalo. Nilitaka kwa mara moja katika nyumba ile mtu mwingine awe na jambo zito moyoni asiloweza kulisema.

Basi miezi ikaanza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na majirani walinichokoza kila siku kuuliza samaki wangu nimewapa jembe la ukubwa gani. Mimi nikajifunza kazi. Nilisaga unga wa uwele laini kabisa nikawapa kwa ncha za vidole viwili, kisha nikasoma Alhamdu mara tatu bila haraka. Kilichobaki baada ya hapo nilikitoa kwa kitambaa. Nilijua kila mmoja kwa tabia yake. Yule mwenye doa jeupe mkiani alikuwa mlafi. Yule mwembamba alikuwa wa mwisho kula siku zote, na siku aliyoacha kuja kabisa, amebana mapezi yake kama mtu mwenye baridi, nilimwangalia vizuri nikaona vipele vyeupe kama chembe za chumvi. Mume wangu alimuuliza mwenye duka, akaambiwa nimtenge kwenye bakuli lenye maji na chumvi kidogo. Kwa hiyo kazi yote ile ya kuikimbia chumvi ya mjini, na dawa ikawa chumvi. Baada ya siku nane akapona.

Unga peke yake haukuwatosha. Niligundua kwamba viluwiluwi vya mbu wanavipenda kuliko kitu chochote, nikaanza kuvifuga hivyo pia, ndani ya kopo la maji nyuma ya nyumba, nimelifunika kwa kitambaa. Na kopo hilo ndilo alilolikuta Bwana Afya, siku alipokuja Miyuji kwa baiskeli yake kukagua vyombo vya maji. Katika maisha yake ya kazi alikuwa ameshaona watu wengi wenye mbu, lakini hajaona aliyewatunza. Alitoa kitabu chake cha kuandikia makosa. Nikamwomba asubiri kidogo, nikachota viluwiluwi kwa kijiko, nikavimwaga ndani ya sanduku. Samaki wanne walivimaliza mbele ya macho yake. Akarudisha kitabu mfukoni na kuniambia nikaze kitambaa. Wiki iliyofuata alirudi, hakukagua chochote, alitaka tu kuwaona wakila.

Mama mkwe hakuwakaribia wiki za mwanzo. Alipita mbali, akiwa na mkeka au kuni, lakini niliona jicho lake linahesabu. Baadaye akaanza kuchagulia mchele wake upande ule wa ukumbi. Siku moja nilimkuta ametundika khanga yake kuukuu dirishani, pale jua la saa tisa lilipokuwa linaingia. Kivuli chake kiliangukia sanduku. Jioni nyingine nikiwa napika aliniuliza, bila kunitazama, kama wale wameshakula. Nilijibu wamekula, mama. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Mwezi wa kumi na moja joto likapanda kama linavyopanda kabla ya mvua. Upepo ulikoma. Nyakati hizo maji ya sanduku yakipata moto, samaki wanapungukiwa na pumzi ndani yake. Nilikuwa nachota kwa kata na kuyaangusha kutoka juu, tena na tena, kama mtu anayepoza chai ya mtoto, mpaka wanashuka chini na kutulia. Siku moja kulikuwa na foleni kubwa korongoni. Maji yalikuwa yamekwenda chini sana, na kila mwanamke alingoja zamu yake juani. Niliondoka asubuhi, na jua lilikuwa limeshapita utosi kabla sijajaza debe. Nilirudi nusu nikikimbia, najua nitakachokikuta.

Nilimkuta mama mkwe amesimama mbele ya sanduku. Khanga yake ilikuwa imelowa kuanzia kifuani mpaka miguuni, na sakafu yote ilikuwa maji. Alikuwa ameinua kata juu ya kichwa chake, anayaangusha maji polepole, anainama kuchota, anainuka tena, na mgongo wake ule nilioujua. Chini ya povu samaki wanne walikuwa wanaogelea.

"Walipanda juu adhuhuri," akasema. "Nimefanya kama unavyofanya."

Nilimpokea kata. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwenye mpini, ikabidi nivifungue kimoja kimoja. Kile kiburi changu cha miezi mitatu nilikitafuta, sikukiona kilipo.

Mama mwenye duka alirudi siku chache baadaye akaja Miyuji mwenyewe, bado ana uchovu wa treni, na habari ya mjukuu wa kiume. Alichuchumaa mbele ya kioo, akawatazama wanne kwa muda, akasema wamekua. Mume wangu alikuwa kazini. Mama mkwe alikuwa nyuma yetu mlangoni na sinia la chai.

"Mimi naacha saba," mama mwenye duka akasema taratibu. "Ile tatu, nipe habari yake."

"Ni makosa yangu, mama," nikasema. "Siku ya kwanza niliwatia maji ya mtungi uliofukizwa ubani. Nilitaka kuwapokea kwa heshima. Sikujua kwamba moshi unaua."

Nyuma yangu vikombe viligongana juu ya sinia, kisha vikanyamaza.

Mama mwenye duka hakukasirika. Alikaa chini kabisa, sakafuni, akatusimulia kwamba samaki wake wa kwanza kabisa walikuwa kumi. Ilipofika sikukuu yao ya taa, siku ambayo kwao hata kona ya mwisho ya nyumba inasuguliwa, aliwasafishia nyumba yao kwa sabuni ili nao waione sikukuu. Walikufa wote kabla taa hazijawashwa. Alilia siku tatu, na mumewe alidhani amefiwa na ndugu. Tulicheka sote watatu, mama mkwe kwa kuchelewa kidogo. Mwisho akasema yeye atachukua wawili, na wawili niwe nao mimi, maana sasa najua. Aliniachia yule mlafi na yule mwembamba.

Mvua za kwanza zilishuka wiki ile ile. Uwele wa mwaka huo uliota kama wa miaka mingine, hapa umejaa, pale pana mapengo, tukayarudishia mapengo na tukavuna cha kutosha. Lakini ninachokumbuka mimi ni asubuhi ya kwanza. Tulifika shambani ardhi bado inatoa mvuke. Nilishika jembe kama kawaida, nikainama. Mama mkwe akaweka mkono wake juu ya mpini.

"Siku ile ya mtungi ulijua," akasema.

"Nilijua, mama."

"Na kwa yule mama ukajitwisha kosa wewe."

Alilitoa jembe mikononi mwangu, akanivalisha kamba ya kibuyu shingoni, akairekebisha isinibane. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhania miaka yote ile. Kisha akageuka na mgongo wake mbovu, akachimba shimo la kwanza, akasimama kando kungoja mbegu.